Walio Ndani ya Mji na Walio Nje



Huu ndio msimu ambao nyumba nyingi za mwambao wetu huaga vijana. Mmoja aenda China kusomea udaktari, mwingine India kusomea ufamasia, wa tatu amejaaliwa nafasi ya masomo Madina au Al-Azhar, wa nne Uturuki au Uingereza. Dua husomwa, sanduku hujazwa achari na visheti, mama hulia jikoni asionekane, na baba hutoa nasaha zake tatu: shika Swala, soma kwa bidii, usisahau kwenu. Nasaha hizo ni njema, nasi hatuna la kupunguza. Lakini ipo ya nne ambayo mara nyingi haitolewi, nayo ni kumwambia kijana afanye nini siku moyo wake utakapomlemea akiwa peke yake katika nchi ambayo hakuna anayelijua jina la babake.

Mfano wetu leo twautoa katika mwaka wa 2020, mwaka wa korona. Upweke wa mwanafunzi wa ugenini ulikuwako kabla ya maradhi yale na ungaliko hadi leo. Janga liliufunga mlango tu, na aliyekuwa ndani akabaki na upweke wake ana kwa ana.

Tarehe 23 Januari 2020, siku mbili kabla ya mwaka mpya wa Kichina, serikali ya China iliufunga mji wa Wuhan, wenye watu wapatao milioni 11. Treni zikasimama, ndege zikasimama, barabara za kutoka zikazuiwa. Ndani ya mji ule walikuwamo wanafunzi wa Kenya karibu mia moja, na wa Tanzania mamia kadhaa. Ulikuwa wakati wa likizo, na wanafunzi wengi wenyeji walikuwa wamekwenda makwao kula sikukuu, hivyo mabweni yalibaki na hao wageni. Kijana aliambiwa asitoke. Akitazama dirishani aona njia tupu, akifungua simu aona hesabu ya waliokufa. Saa za China ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Usingizi ulipomruka saa sita za usiku, kwetu ilikuwa saa moja ya jioni, watu ndio kwanza wametoka Swala ya Magharibi na wamekaa barazani wakinywa kahawa. Alikuwa akizisoma salamu zao na mizaha yao kwenye kikundi cha jamaa, naye amejifunika blanketi, hajui la kujibu.

Moroko, Misri na Aljeria zilituma ndege kuwachukua raia wao. Serikali yetu iliona afadhali wanafunzi wabaki walipo. Vijana walituma video za kuomba warejeshwe, wazazi wakasema na waandishi wa habari, na mjadala ukawa mkali. Hatukusudii leo kuufungua upya. Wataalamu wa afya walikuwa na hoja zao, na wazazi walikuwa na zao. Linalotushughulisha ni jawabu lililotolewa na wengi katika mabaraza yetu, kwa jina la dini. Ilisemwa kwamba Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) amekataza kuingia katika nchi iliyoshukiwa na tauni, na amekataza aliye ndani yake asitoke kwa kuikimbia. Basi, wakasema, wakae na wasubiri. Mazungumzo yakaishia hapo, na kahawa ikaendelea kunywewa.

Hadithi hiyo ni sahihi. Ameipokea Bukhari na ameipokea Muslim, na hekima yake waliikiri hata wasioamini. Kutoka kwa Bi Aisha (R.A.) kumepokewa pia kwamba anayekaa katika mji wake wakati wa tauni, akasubiri akitaraji thawabu na akajua kuwa halimpati ila aliloandikiwa, ana ujira mfano wa ujira wa shahidi. Ni bishara kubwa. Lakini hiyo ni habari ya aliye ndani ya mji. Na aliye nje, je? Aliyebaki nje ya mji uliofungwa akiwa na afya, ana chakula na jamaa zake wamemzunguka, sheria haimdai kitu?

Hapa yafaa turudi kwa Sayyidna Umar (R.A.). Ilipozuka tauni ya Amwas katika nchi ya Sham, mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar alikuwa njiani kuelekea huko. Alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wa jeshi walimlaki na kumpa habari. Akawashauri Muhajirina, akawashauri Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kurejea Madina. Abu Ubayda (R.A.) akamwuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jawabu la Sayyidna Umar ni mashuhuri: kwamba wanaitoka kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari yake, kama mchunga ngamia aliyepata bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, popote atakapolisha, alisha kwa kadari ya Mola wake. Ndipo akaja Abdurrahman bin Awf (R.A.) na ile hadithi ya tauni, na Sayyidna Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu kwa kuwa rai yake imeafikiana nayo.

Watu wengi huikomesha habari hapo, ilhali wanahistoria wameiendeleza. Sayyidna Umar alirudi Madina, lakini moyo wake ulibaki Sham. Alimwandikia Abu Ubayda barua akimtaka aje kwake kwa haja muhimu. Abu Ubayda alifahamu kwamba haja yenyewe ni kumtoa kwenye maradhi, akajibu kwa adabu kwamba hawezi kuwaacha askari wake. Sayyidna Umar aliposoma jawabu lile alilia, hata waliokuwa naye wakadhani Abu Ubayda amekwishakufa. Kisha akaandika tena, safari hii akiagiza watu wahamishwe kutoka nchi ya bondeni wapelekwe kwenye ardhi iliyoinuka yenye hewa safi.

Tutazame vyema. Yule yule aliyeifuata hukumu ya kutoingia na kutotoka ndiye aliyeandika, akalia hadharani, akaandika tena, akatafuta njia ya kuwapunguzia dhiki waliofungika. Hakuwatumia neno “subirini” akaenda zake kulala. Kwetu sisi hukumu ile ina pande mbili: amri ya kukaa ni juu ya aliye ndani, na amri ya kumjali ni juu ya aliye nje. Anayeishika ya kwanza akaiacha ya pili ameichukua nusu ya hadithi na kumtwika mwenziwe.

Na dhiki yenyewe haikuwa ya Wuhan peke yake. Aprili 2020, katika mji wa Guangzhou, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli, wengine wakalala nje, kwa dhana kwamba wao ndio wabebaji wa maradhi, wanafunzi walikuwamo. Mwezi uo huo waziri mkuu wa Australia aliwaambia wageni wasioweza kujikimu, wanafunzi wakiwamo, kuwa wakati umefika warudi makwao, ilhali anga za nchi nyingi, yetu ikiwamo, zilikuwa zimefungwa. Tarehe 6 Julai, Marekani ilitangaza kuwa mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote ni ya mtandaoni hataruhusiwa kubaki nchini. Vyuo vya Harvard na MIT vikaenda mahakamani, na tarehe 14 amri ikaondolewa. Siku nane tu, atasema msomaji. Lakini mwenye kulala hajui kama kesho ataamka mwanafunzi au mhalifu wa uhamiaji, siku nane kwake ni ndefu.

Hata waliokuwa katika ardhi tukufu hawakusalimika na uzito wa moyo. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) ulifungwa kwa umma mwezi wa Machi ukafunguliwa tarehe 31 Mei. Ramadhani nzima ikapita. Mwanafunzi aliyevuka bahari kwa shauku ya kuswali pale alikaa chumbani Madina ileile, msikiti uko karibu naye na hawezi kuuingia. Twalitaja hili kwa sababu wapo wazazi wanaodhani kuwa mtoto akiwa Madina au Makka hana haki ya kuhuzunika.

Upo mkasa wa msafiri mmoja ambao twapenda vijana wetu waujue. Ibn Battuta, yule aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka wa 1331 na kuwasifu watu wake kwa dini, alitoka kwao Tanja mwaka wa 1325 akiwa na miaka 21, hana mwenza. Walipoingia Tunis, watu wa mji walitoka kuwapokea wasafiri, kila mmoja akamwamkua amjuaye. Yeye hakuna aliyemjua, basi hakuna aliyemsalimu. Ameeleza mwenyewe kwamba hakuweza kuyazuia machozi. Mmoja wa mahujaji akaitambua sababu ya kilio chake, akamwendea, akamsalimu na kumliwaza hadi wakaingia mjini. Mwanachuoni yule, ambaye baadaye alikuwa kadhi Delhi na Maldivi, hakuona haya kuandika kwamba alilia kwa kukosa salamu.

Mkasa wake una mwisho mchungu zaidi. Mwaka wa 1348, katika safari ya kurudi, aliikuta tauni kuu ikiwamaliza watu wa Sham. Habari za babake kuwa alifariki miaka mingi nyuma alizipata Dameski. Akaendelea na safari, na mwaka uliofuata, alipokaribia nyumbani, akaambiwa kuwa mamake naye amefariki kwa tauni.

Wapo vijana wetu waliopatwa na kama hilo mwaka wa 2020 na 2021. Simu ikalia usiku: babako ametangulia mbele ya haki. Ndege hakuna, na hapa nyumbani maziko yenyewe yaliruhusiwa watu wachache tu. Aliyekuwa mbali hakuosha, hakuchukua jeneza, hakutia udongo, hakukaa matangani akapewa pole na watu wa mtaa. Alizima simu, na saa mbili baadaye akaingia darasani mtandaoni. Msiba usiozikwa namna hii hukaa kifuani. Miaka baadaye huzuka kwa sura nyingine, hasira zisizo sababu au usingizi usiokuja, na jamaa hawaunganishi hili na lile.

Kwa wa namna hii, madhehebu yetu ya Shafii yana faraja ambayo wengi hawakuambiwa. Swala ya jeneza kwa maiti aliye ghaibu yajuzu, Mtume (S.A.W.) alimswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, naye yuko Madina. Mwana aliye Wuhan au London anaweza kusimama chumbani mwake, peke yake, akamswalia mzazi wake takbira nne. Tumewaona watu wazima wakibubujikwa na machozi kwa kujua tu kwamba walikuwa na njia ya kuaga.

Sasa tuje kwenye neno ambalo huwafunga vijana midomo. Kijana akisema moyo wake umeingia giza, mara nyingi huambiwa kwamba imani yake imepungua, azidishe adhkari. Adhkari ni dawa, hatubishi, na kisomo cha ruqya kimethibiti. Lakini anayeifanya huzuni kuwa dalili ya upungufu wa imani, amwambie nini Nabii Yaaqub (A.S.), ambaye Qur'ani yatueleza kuwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe aliye mbali? Mwaka aliofiwa Mtume wetu (S.A.W.) na Bi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib, wanasira waliuita Mwaka wa Huzuni, na hakuna aliyeona kuwa jina hilo lamvunjia heshima. Karne ya nne ya Hijra hakijaisha kizazi chake cha kwanza, Abu Zayd al-Balkhi alikwisha kuandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akipambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na ile imjiayo mtu bila sababu aijuayo, na akasisitiza kwamba mwili na nafsi huambukizana maradhi. Mjini Cairo, hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa mwaka wa 1284, ilikuwa na mahali maalumu pa wagonjwa wa akili. Wazee wetu katika dini hawakuona aibu kumtibu aliyeugua akili. Aibu hii ya kusema kwa kunong'ona kwamba fulani amepelekwa Port Reitz tumeipata wapi?

Neno letu wenyewe “wasiwasi” latusaidia na latuponza. Asili yake ni minong'ono ya shetani, basi kila anayesema ana wasiwasi hudhaniwa kuwa dawa yake ni kumlaani ibilisi tu. Lakini kijana ambaye moyo wamwenda mbio kila apigapo chafya, anayenawa mikono hadi ngozi yatoka, asiyelala siku nne mfululizo, huyo ana maradhi kama mwenye homa ana maradhi. Asomewe, na apelekwe kwa daktari. Hayo mawili hayagombani.

Kuna mzigo mwingine ambao, kwa maoni yetu, ndio mzito kuliko yote, nao tunaufunga wenyewe. Karo ya mtoto wa ng'ambo kwetu hailipwi na mtu mmoja. Kipande cha shamba huko Kilifi huuzwa, dhahabu ya bibi hupelekwa kwa sonara, ami aliye Maskati hutuma chake, na msikiti huchangisha. Ni jambo tukufu, lakini kijana hupanda ndege akijua idadi ya watu waliomo ndani ya shahada yake. Atawaambiaje kwamba amefeli mtihani wa kwanza kwa kuwa hawezi kuamka kitandani? Basi akiulizwa, jawabu ni moja: “Alhamdulillahi, niko salama.” Aligeuza kusema alhamdulillahi, lililo neno la kushukuru, likawa pazia. Mama mmoja alituambia kuwa miezi mitano mwanawe aliyekuwa India alimjibu hivyo hivyo kila wiki, bila kuwasha kamera, na yeye akishukuru kwamba mtoto hasumbui. Alikuja kujua ukweli kwa mwanafunzi mwenziwe: mtoto hakuwa akila ila mara moja kwa siku, na mchana kutwa amelala gizani.

Tuwakumbuke na wale ambao janga liliwafungia upande wa huku. Waliokuja likizo Januari 2020 wakakuta China imefunga mipaka kwa wageni kuanzia tarehe 28 Machi, hawakuanza kupewa viza za kurudi hadi Agosti 2022. Miaka miwili na zaidi walisomea udaktari kwenye simu, katika vyumba vya Kisauni na Majengo, bando likiisha katikati ya somo, bila kumgusa mgonjwa hata mmoja. Na kwa ajabu ya Mwenyezi Mungu, tarehe 8 Aprili 2020 ambayo Wuhan ilifunguliwa ndiyo ambayo Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa. Mtaani waliwauliza kila siku, “Warudi lini?” Wengine waliacha kutoka ili wasiulizwe. Baadhi yao hawakurejea masomoni kabisa, nao leo wako kati yetu wakifanya kazi nyingine, na hatujawahi kuwauliza walipitia nini.

Twarudi kwa wanaosafiri mwaka huu. Kabla kijana hajapanda ndege, na aambiwe kwa ulimi wa babake hasa, si wa mama pekee, kwamba akishindwa anaweza kurudi, na shamba lililouzwa halina thamani ya roho yake. Jumla hiyo moja huenda asiihitaji kamwe, lakini aiwekwe begani kama hirizi ya halali. Atafute mapema jumuiya ya wanafunzi Waislamu wa chuo chake, na ajue ofisi ya washauri nasaha iko wapi. Vyuo vingi vinayo, na mwanafunzi hana haja ya kuwa mwendawazimu ndipo aingie. Nasi tulio huku, tukipiga simu tusiulize “U salama?” kwani swali hilo limebeba jawabu lake. Tuulize: jana umekula nini, umelala saa ngapi, mara ya mwisho kucheka ulikuwa na nani? Anayeanza kukwepa simu, aliyekuwa mswalihina akaacha Swala ghafla, anayegawa vitu vyake, anayesema watu watapumzika asipokuwapo, huyo asingojewe. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Wengi huogopa kuwa swali litamtia wazo asilokuwa nalo. Madaktari wa akili wanasema sivyo, na kwamba mara nyingi anayeulizwa hupata nafuu ya kutua mzigo. Kisha atafutwe mtu wa kwenda kumgongea mlango siku hiyo hiyo: mwenzake wa chumba, imamu wa mji ule, mlinzi wa bweni, yeyote aliye karibu.

Na wazazi wenye watoto waliorejea enzi zile za korona na ambao hadi leo hawajarudi kuwa walivyokuwa, wasione haya kutufikia baada ya Swala ya Ijumaa au kutuma ujumbe ofisini. Mazungumzo yatakuwa ya siri, na palipo na haja ya daktari tutasema haja ipo.

Wabillahi tawfiq.